Herufi za Aina Mbili, Ukurasa Mmoja

Kwa miaka mingi niliwafundisha walimu vijana kuandika ubaoni, na nililolirudia kuliko yote ni hili: umbo la herufi si pambo; ndilo linalomwezesha mtoto kutofautisha neno na neno. Uzeeni nimevutiwa na lugha ambayo jambo hili ni zito sana kwake, nayo ni Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki.

Kiyidishi ni ndugu wa Kijerumani, lakini huandikwa kwa herufi za Kiebrania, kutoka kulia kwenda kushoto. Kiebrania, kwa kawaida, huacha irabu nyingi bila kuziandika. Kiyidishi kilizitwaa baadhi ya herufi zake kikazifanya irabu: alefu iliyotiwa alama ikawa "a" au "o", na ayini ikawa "e". Sisi ambao wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu twaujua ugumu huo, kwani alama tatu za irabu hazikuitosheleza lugha yenye irabu tano.

Katika kamusi, Kiyidishi na Kiingereza hukaa ukurasa mmoja, na hapo mchora herufi za chapa ana kazi. Herufi za Kilatini zina kubwa na ndogo. Za Kiebrania hazina. Katika chapa za vitabu, Kilatini hunenepa kwenye mistari ya wima, Kiebrania kwenye mistari ya ulalo. Mchoraji akilazimisha zifanane, akaviringa na pembe, msomaji atachanganya daleti na reshi, yaani "d" na "r", ambazo hutofautishwa na pembe moja tu. Mwacha asili ni mtumwa. Mwenye busara husawazisha weusi wa ukurasa, huipa herufi ya Kiebrania kimo kilicho kati ya ndogo na kubwa za Kilatini, kisha huiachia mifupa yake.

Msomaji aweza kuuliza: je, hili si jambo dogo? Wengi wa Wayahudi milioni 6 waliouawa na Wanazi walisema Kiyidishi. Mjukuu anayejifunza lugha hiyo leo huenda akaanzia kwenye ukurasa kama huo. Akiyakuta maandishi ya babu zake yamefifia kando ya Kiingereza, atafundishwa, bila kuambiwa neno, kwamba lugha hiyo ni ya pembeni. Mwalimu yeyote ajua jinsi somo la namna hiyo lilivyo gumu kulifuta.