Tafakari ya Juma: Kipozeo cha Kompyuta na Sadaka ya Waamini



Dominika iliyopita, baada ya Misa ya kwanza, mwamini mmoja alitusogelea mlangoni mwa kanisa akatuuliza kwa heshima, lakini bila kuzunguka: "Baba Paroko, ile kompyuta ya ofisi imekula sadaka yetu mara ngapi?" Swali lilikuwa la haki. Tulimjibu kwa maneno machache pale pale, tukamwahidi kwamba jibu kamili tutaliandika katika ukurasa huu, ili lisomwe na wote wanaotoa sadaka hiyo. Jibu kwa ufupi ni hili: mara mbili, na mara ya kwanza kosa lilikuwa letu wenyewe.

Wengi wenu mnajua kazi ya kompyuta ile. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inaitaka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, vya ndoa na vya marehemu, navyo vitunzwe kwa uangalifu. Vitabu vyetu vipo na vitabaki kuwa kumbukumbu halisi. Hata hivyo, kwa muda mrefu sasa katibu wetu amekuwa akiingiza majina yote katika kompyuta, ili anayefika kuomba cheti apatikane upesi kitabuni, hata kama hakumbuki mwaka aliobatizwa.

Oktoba iliyopita, wakati wa joto na vumbi kabla ya mvua za vuli, binti mmoja alifika kutoka kigango cha mbali akihitaji cheti cha ubatizo kwa ajili ya ndoa yake. Mwaka wa ubatizo hakuujua. Katibu alipoanza kutafuta jina, kompyuta ikazima. Akaiwasha, baada ya dakika kumi ikazima tena, ikaondoka na kazi ya asubuhi nzima ambayo ilikuwa haijahifadhiwa. Ikabidi tufungue vitabu kimoja kimoja. Jina lilionekana jioni, nalo gari la mwisho la kwenda kijijini kwake lilikuwa limekwisha kuondoka. Binti yule alilala kwa masista, wala hakulalamika. Sisi ndio tuliokosa usingizi.

Kwanza tuliulaumu umeme, kisha tukavilaumu virusi, maana wiki kadhaa kabla ya hapo mashine ilikuwa imeanza kuwa nzito. Fundi alipofungua boksi, ukweli ukaonekana. Juu ya prosesa, ambayo ndiyo kichwa cha kompyuta, kulikuwa na feni iliyofunikwa na vumbi zito kama blanketi, ikizunguka kwa kusitasita na kulia kama mlango usiotiwa mafuta.

Hapa tuseme kidogo jinsi jambo hili linavyofanya kazi, kwa kuwa asiyelijua hununua kwa macho, kama tulivyonunua sisi. Prosesa yetu ni Core i5-4570, iliyotoka mwaka 2013, na kipimo cha joto ilichowekewa na kiwanda ni wati 84. Yaani ikifanya kazi nzito hutoa joto linalokaribiana na lile la balbu kubwa za zamani, ila joto hilo lote hutoka katika kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Joto likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, prosesa hujipunguzia mwendo ili isiungue. Likiendelea kupanda, mashine hujizima. Uzito ule tuliodhani ni virusi ulikuwa mashine ikijihurumia.

Kifaa cha kuiokoa huitwa kipozeo, lakini jina hilo lisitudanganye: hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kulipokea joto na kulipeleka kwenye hewa. Joto hutoka kwenye prosesa, hupita katika dawa nyeupe au ya kijivu ambayo mafundi huiita pesti, huingia katika shaba, husambaa katika mapezi membamba ya alumini, na mwisho hupeperushwa na feni. Kipozeo cha feni, kiwe cha thamani gani, hakiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayokizunguka. Chumba chenye paa la bati lisilo na dari kikifika nyuzi 32 mchana, hizo 32 ndizo mwanzo wa hesabu.

Pesti nayo ina sababu yake. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa iliyotulia. Nyuso mbili za chuma, hata ziking'aa namna gani, zikikutana huacha vijishimo vya hewa katikati, na vijishimo hivyo hulizuia joto kupita. Pesti huvijaza. Ya kwetu ilikuwa imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi.

Na sasa kosa letu. Badala ya kuagiza mashine isafishwe kwanza, tulitaka kumaliza tatizo kwa mara moja. Tulikuwa tumeona picha ya kipozeo kirefu kama mnara, chenye mabomba ya shaba na feni ya milimita 120, aina ya Cooler Master Hyper 212 EVO, ambacho sifa zake zimeenea duniani kwa miaka mingi. Tukamtuma mtu Arusha na fedha mkononi. Kifaa kilikuja kizuri, kipya na kisicho na dosari. Lakini urefu wake ni milimita 159, na katika boksi letu, kutoka juu ya prosesa hadi mfuniko wa ubavuni, nafasi ilikuwa milimita 130 tu. Mfuniko haukufunga.

Je, tulikirudisha? Hapana. Tuliona aibu. Tukaacha boksi wazi ubavuni, tukijipa moyo kwamba hewa itaingia vizuri zaidi. Kilichoingia zaidi ni vumbi. Tena, boksi lililofungwa vizuri huipa hewa njia, iingie mbele na kutoka nyuma. Likiachwa wazi, njia hiyo huvurugika na sehemu nyingine za ndani hukosa upepo wake. Baada ya wiki tatu katibu alianza kupiga chafya, na mashine ikarudia uzito wake. Bwana wetu, alipozungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, alitaka hesabu itangulie ujenzi. Sisi tuliununua mnara bila hata kushika rula.

Mara ya pili tulikaa chini na kijana mmoja wa parokia aliyesomea mambo haya, tukafuata utaratibu wake. Tunauandika hapa, kwa kuwa shule, zahanati na maduka mengi ya mji wetu hutumia kompyuta za mezani zilizokwisha kutumika maofisini ng'ambo, nazo huwa na matatizo yale yale.

Jambo la kwanza alilofanya ni kusafisha, kabla ya kununua chochote. Alizima umeme, akachomoa waya, akatoa vumbi kwa brashi laini na blowa huku akiishikilia feni kwa kidole isizunguke ovyo. Akakirudisha kipozeo cha zamani cha kiwandani, akifuta pesti iliyokauka na kuweka mpya. Kwa kazi hiyo tu, joto la prosesa wakati wa kazi nzito lilishuka kutoka nyuzi 97 hadi 79. Ndugu wapendwa, sehemu kubwa ya uponyaji ilipatikana kwa brashi na kwa kitone cha pesti. Kama feni ya zamani isingekuwa imechakaa, tungeishia hapo.

Kwa kuwa ilikuwa imechakaa, tuliendelea na vipimo. Cha kwanza ni soketi, yaani kikao cha prosesa. Ya kwetu ni LGA 1150. Matundu ya kufungia kipozeo yamepangwa sawasawa katika LGA 1150, 1151, 1155, 1156 na 1200, lakini LGA 1700, iliyokuja mwaka 2021, ina mpangilio mwingine, na kompyuta za AMD zina wa kwao. Kipozeo kisicho na vyuma vya kufungia soketi yako ni pambo tu.

Kipimo cha pili ni nafasi: urefu wa kwenda juu, na pia ubavuni, kipozeo kisije kikaziegemea kadi za kumbukumbu. Cha tatu ni plagi ya feni. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi zina plagi za kiwanda chenyewe, zenye pini tano au sita, na nyingine hutoa onyo kila zinapowashwa zisipoitambua feni yake. Ya kwetu, kwa bahati, ilikuwa ya kawaida yenye pini nne, ambayo huiwezesha mashine kuongeza au kupunguza mwendo wa feni kadiri ya joto.

Baada ya vipimo ndipo likaja swali la aina. Vipo vipozeo vifupi, kama Noctua NH-L9i yenye urefu wa milimita 37, vinavyofaa maboksi membamba na prosesa zisizo na joto kubwa. Vipo vya mnara, ambavyo ndani ya mabomba yake ya shaba mna maji kidogo sana: maji hugeuka mvuke upande wa moto, mvuke hukimbilia upande wa mapezi, hupoa na kurudi, kama mvuke unaogonga kifuniko cha sufuria na kudondoka tena. Ufundi huo ulipata nguvu baada ya kazi ya George Grover huko Los Alamos, Marekani, mwaka 1963. Viko pia vikubwa kama Noctua NH-D15, chenye uzito unaozidi kilo moja kikiwa na feni zake. Huyo ni mzigo ambao hatungependa kuusafirisha ukiwa umening'inia ndani ya kompyuta kwenye barabara za vigango vyetu. Na vipo vya maji yanayozungushwa na pampu. Vinapoza vizuri, lakini pampu ikifa kazi imekwisha, na vingi havikutengenezwa ili virekebishwe. Kwa ofisi ya Babati tuliviacha.

Kijana wetu aliongeza jambo tusilolifikiria. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na huku hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko Dar es Salaam au Tanga. Feni ikizunguka sawasawa, husukuma hewa pungufu kwa kiasi hicho. Kwa upande mwingine tumejaliwa hali ya hewa iliyo baridi kuliko ya pwani. Kwa hiyo alishauri tuchague kipozeo chenye uwezo unaozidi wati 84 kwa kiasi cha kutosha, bila kutafuta kikubwa kuliko vyote.

Tulichagua mnara mfupi wenye urefu wa milimita 125 na feni ya milimita 92. Wakati wa kuufunga tulijifunza mambo matatu: kuondoa karatasi ya plastiki iliyobandikwa chini ya kipozeo, maana wapo walioisahau, kuweka pesti kiasi cha punje ya choroko, si zaidi, na kukaza skrubu kwa mkingamo, kidogo kidogo, kama fundi anavyokaza nati za gurudumu la gari. Joto sasa halipiti nyuzi 66, mfuniko umefungwa, na katibu ameacha kupiga chafya. Boksi tuliliinua kutoka sakafuni likawekwa juu ya meza, na kila baada ya miezi mitatu litafunguliwa na kusafishwa. Kazi pia huhifadhiwa kila dakika chache, na nakala yake hutunzwa nje ya kompyuta.

Kuhusu kile kipozeo cha kwanza: kimenunuliwa na mwalimu mmoja mwenye kompyuta yenye boksi pana, kwa bei pungufu kuliko tuliyolipa. Pengo hilo tumelilipa kutoka mfukoni mwetu, na hesabu zote ziko mezani kwa Kamati ya Fedha, kwa yeyote anayetaka kuziona. Hatulisemi hili ili tusifiwe. Tunalisema kwa sababu fedha ile ilitoka kwa watu wanaouza mahindi na samaki wa ziwani, nao walituamini bila kutuomba risiti.

Mashine ilituonya kwa wiki nyingi kwa kupunguza mwendo, nasi tukaikemea kwamba ni mzembe. Huenda hata nyumbani mwetu yupo anayepunguza mwendo siku hizi, na sisi tunamwita mvivu. Kabla ya kumkemea, tumfungulie mlango, tutazame ni vumbi gani limemlemea.

Binti yule alifunga ndoa Januari, na cheti chake cha ndoa kilichapwa siku ile ile.

Tunawatakia Dominika njema.