Key West: dhahabu, kesi na msiba

Katika mji wa Key West, jimbo la Florida, Marekani, lipo jumba la makumbusho lenye dhahabu na fedha za Atocha, meli ya Kihispania iliyozama kwa tufani mwaka 1622.

Mel Fisher alianza kuisaka mwaka 1969. Kila siku aliwaambia wapiga mbizi wake: leo ndiyo leo. Serikali ya jimbo ilitaka robo ya mali, ikapandisha wakaguzi wake botini. Wapiga mbizi wakanung'unika: gharama zetu, hatari yetu, halafu wao waje kugawana! Wanaakiolojia wa serikali walijibu kwamba kitu kikiondolewa bila kupimwa mahali kilipolala, habari zake hupotea.

Julai 1975 boti moja ya Fisher ilizama usiku. Mwanawe Dirk, mkewe Dirk na mpiga mbizi mmoja walifariki. Kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu, na mwaka 1982 Fisher akaishinda serikali.

Rundo kuu la fedha lilipatikana Julai 20, 1985. Mahakama ilimpa Fisher haki ya mali. Dirk hakuwepo kuiona.