Kutoka Kiloleli Hadi Ukingo wa Ngorongoro: Siku Moja Juu ya Majivu

Tangu turudi kutoka bara, kila tukikaa barazani suali ni lile lile: "Nyinyi Simiyu mlifuata nini, na huko Ngorongoro mlifikaje?" Basi leo tunawajibu wote kwa pamoja.

Simiyu tulifuata kazi. Shoga yetu ameolewa Kiloleli, wilaya ya Busega, na wifi yake alikuwa anaolewa mwezi wa Februari. Tukapewa nguo zote: za bibi harusi, za wasimamizi, na madera kumi na manane ya akina mama. Tukashona hapa Unguja, tukasafiri nazo, tukakaa kule siku tano tukibana viuno na kuachia mikono. Mkoa wa Simiyu ndio unaoongoza nchini kwa pamba. Kwa fundi wa nguo si jambo dogo kusimama katika shamba la pamba bado mbichi, ukijua kwamba siku moja itakuwa uzi mkononi mwa mtu.

Sisi ni watatu, duka moja, vyerehani vinne na ovaloki moja. Mkubwa wetu alikuwa ametoka eda miezi mitatu nyuma. Ametupa ruhusa ya kuyaandika haya, na kabla hatujayatoa ameyasoma. Tangu mumewe afariki alikuwa anakuja dukani, anakaa, anashona, anaondoka. Hacheki, hagombi, hata wateja wasumbufu hawajibu. Wiki moja kabla ya safari akatuambia anataka kutoa fungu lake, auze cherehani chake, arudi Pemba akakae na mama yake. Hatukumjibu. Tulijua fungu lake likitoka, duka halifiki Idi. Na tulijua pia kwamba si haki kumzuia mtu aliyefiwa kwa sababu ya hesabu zetu.

Harusi ilipokwisha, tukawa na njia mbili za kurudi: basi kutoka Mwanza, au njia ya mbugani. Mume wa shoga yetu alikuwa anamjua kijana mmoja, mwongozaji wa watalii, mwenyeji wa Karatu. Alikuwa ameleta wageni Mwanza, na gari lake lilikuwa linarudi tupu. Akatupa bei ya gari zima, si ya kichwa. Tukagawana, na fedha ilitoka katika malipo yetu ya harusi. Mdogo wetu wa kiume, ambaye tulisafiri naye tangu nyumbani, alikaa mbele kama mahram wetu. Sehemu kubwa ya ulinzi wake aliufanya akiwa usingizini, lakini alikuwepo.

Kulikuwa na maneno. Hata kule ugenini mzee mmoja aliuliza, "Mjane anakwenda kutalii?" Mkubwa wetu mwenyewe ndiye aliyemjibu, kwa adabu, kwamba eda ni miezi minne na siku kumi, na zake zimekwisha. Hayo yalikuwa maneno yake marefu kuliko yote kwa wiki nzima. Tukapanda gari.

Mawe ya zamani, kisha majivu

Tulitoka Kiloleli kabla ya alfajiri, tukasali njiani, na lango la Ndabaka lilipofunguliwa saa kumi na mbili tulikuwa hapo. Ukitazama nchi ya Usukuma utaona mawe makubwa yamepandana kama magunia bandarini. Hayo ni mawe ya itale, katika mawe ya zamani kabisa ya bara hili. Kijana wetu alisema, "Dada zangu, yatazameni vizuri. Mchana tutaingia nchi nyingine kabisa."

Tulipita Seronera, tukaona twiga na viboko, lakini hayo mmeyaona kwenye televisheni. Sisi tunataka kuwaambia habari ya ardhi. Baada ya Seronera miti inaanza kupungua, halafu inakwisha. Unabaki uwanda wa majani mafupi mpaka macho yachoke, na katikati yake vilima vya mawe vimetokeza kimoja hapa, kimoja kule. Tulipoviona sote tulisema neno moja: visiwa. Kumbe si mbali na ukweli. Ni yale yale mawe ya itale ya zamani, ila huku yamefunikwa na majivu ya volkano, na vilele tu ndivyo vilivyobaki nje.

Majivu hayo yalitoka katika milima ya nyanda za juu za Ngorongoro, ikiwemo mmoja unaoitwa Kerimasi. Upepo wa mashariki uliyabeba ukayamwaga upande wa magharibi, tabaka juu ya tabaka, kwa zama nyingi. Mvua ikayashindilia, chini yake kukafanyika tabaka gumu kama sakafu ya saruji. Mizizi ya mti haipiti hapo. Ya majani mafupi inatosheka na kina kile kidogo. Na majani hayo yana madini mengi, chokaa na fosforasi, vitu ambavyo mama anayenyonyesha anavihitaji. Ndiyo maana nyumbu, ambao wote kwa pamoja wanazidi milioni moja, huja kuzalia hapa hapa, mwezi wa Januari na Februari, wakaacha maeneo mengine yote yenye miti na mito.

Tulifika wakati wao. Tuliona ndama aliyezaliwa saa ile ile, bado amelowa, anaanguka na kuinuka, na baada ya dakika chache anamfuata mama yake. Subhanallah. Mkubwa wetu aliuliza, "Kwa hiyo maziwa haya yanatokana na majivu?" Kijana akasema, "Ndiyo, mama."

Sala Naabi

Adhuhuri ilitukuta Naabi, lango lililo chini ya kilima baina ya Serengeti na Ngorongoro. Pana vyoo, maji na pahala pa kulia. Tulitia udhu, tukatandika khanga mbili pembeni. Kibla cha kule ni kaskazini, kama kwetu. Tulikusanya Adhuhuri na Alasiri na kuzipunguza, kwa kuwa tulikuwa wasafiri. Hapo ndipo tulipoona faida ya gari la peke yetu: hakuna aliyetutazama saa wala kunung'unika. Kijana mwenyewe si Mwislamu, lakini alikaa mbali kwa heshima mpaka tulipomaliza. Tukala pamoja mkate wa ufuta, mayai ya kuchemsha, tende na chai ya tangawizi.

Nyayo

Kutoka Naabi tulishuka hadi bonde la Oldupai, ambalo vitabu vingi huliandika Olduvai. Jina ni la Kimaasai, la mkonge pori unaoota pale. Hapo mwaka 1959 Mary Leakey alipata fuvu la kale lililoitwa Zinjanthropus. Sisi watu wa visiwani tulifurahi kusikia asili ya jina hilo: Zinj ni jina la kale la Kiarabu la mwambao wetu, ndilo hilo hilo lililozaa Zanzibar.

Katika makumbusho yao pana nakala ya nyayo za Laetoli. Nyayo zenyewe ziko kusini ya hapo, zilipatikana mwaka 1978 na timu ya Mary Leakey huyo huyo. Volkano ilitema majivu, mvua nyepesi ikayalowesha, viumbe wakapita kwa miguu miwili, kisha majivu mengine yakaja kufunika. Wataalamu wanasema ni miaka milioni 3.6 iliyopita. Habari za umri na asili, kila mmoja ana elimu na imani yake, na Mungu ndiye ajuaye zaidi. Lakini jicho linaona linachokiona: nyayo kubwa na nyayo ndogo, zimekwenda sambamba, hatua kwa hatua.

Mkubwa wetu alisimama pale muda mrefu. Tulimwona anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Hatukumsogelea. Baadaye akasema taratibu, "Walikuwa wanakwenda pamoja." Tangu msiba ule ndiyo mara ya kwanza kumwona analia mbele yetu.

Tulipotoka nje alimuuliza kijana kama milima hiyo bado inawaka. Kijana akanyoosha mkono kaskazini mashariki. Kule, alisema, uko Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu. Haukuonekana tulipokuwa, lakini uko hai. Lava yake haina mfano kwa volkano zinazowaka leo duniani: inatoka nyeusi, nyepesi kama mafuta ya gari, haina hata joto la lava ya kawaida, na ikipoa na kupata unyevu inageuka nyeupe. Mwaka 2007 na 2008 ulilipuka kwa nguvu, majivu yakafunika malisho, na wafugaji wa karibu wakahama na mifugo yao.

"Na majani yalichukua muda gani kurudi?" akauliza mkubwa wetu.

"Inategemea mvua, mama. Majani hayarudi kwa haraka ya mtu."

Akaitikia kwa kichwa, akapanda gari.

Ukingoni

Njia ilipanda na kupanda, joto likaondoka, ukungu ukaingia. Sisi tuliozoea kuita Masingini kilima kirefu tulijikuta mita 2,300 hivi juu ya bahari, meno yanagongana. Halafu gari likasimama, tukashuka, na ardhi mbele yetu haikuwepo.

Ngorongoro zamani ulikuwa mlima mkubwa. Wataalamu wanakadiria huenda ulikaribia urefu wa Kilimanjaro. Kati ya miaka milioni 2 na 3 iliyopita ulitoa uliyokuwa nayo tumboni, na paa likakosa cha kulishikilia, likaporomoka ndani. Kilichobaki ni bakuli la kina cha mita 600 hivi na eneo la kilomita za mraba kama 260, lenye ziwa la magadi chini, msitu wake, na wanyama wake. Mwaka 1979 liliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kutoka juu nyati ni kama punje za pilipili manga zilizomwagika kwenye mkeka.

Hatukushuka chini, kwa sababu ya muda na gharama. Ukingo ulitutosha. Tulisoma tasbihi, kila mtu kimya kimya. Tuliwakumbuka pia ndugu zetu wa Ngazija, ambao Karthala yao ililipuka mwaka 2005 na majivu yakaingia katika maji yao ya kunywa. Kwao volkano ni jirani wa mlango wa pili. Sisi wa visiwa vya matumbawe tunasahau kwamba ardhi ina moto ndani.

Jioni tukalala Karatu, asubuhi tukapanda basi la Arusha, na siku ya tatu tulikuwa botini.

Kwa anayetaka kwenda

Msijiambie kwamba mbuga ni za wageni. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni, ila uwe na kitambulisho chako. Ulizeni bei ya siku zile kabla ya kuondoka.

Kodini gari zima na mgawane. Muulize mwongozaji, na aandike: bei ina mafuta? Viingilio? Ada ya gari? Chakula chake na malazi yake? Muulizeni pia kama ana gari linalorudi tupu, bei hushuka.

Mwambieni mapema habari ya sala, ili apange vituo vyenye maji.

Vaeni baibui jepesi lisiloburura, viatu vya kufunga, na mtandio wa pamba wa kuzuia vumbi. Chukueni sweta. Tunarudia: sweta.

Aliye na mume amuage kwa wema, na aliye mjane, baada ya eda yake, asione haya kutoka. Tumehimizwa kutembea katika ardhi na kutazama, na hakuna aliyesema agizo hilo ni la wanaume tu.

Kuhusu duka: mkubwa wetu hajatuambia kama atabaki au ataondoka, nasi hatumuulizi. Fungu lake tumeanza kulihesabu na kuliweka pembeni, akilitaka alikute. Jumatatu iliyopita alitangulia kufika, akafungua mlango, akatia mafuta vyerehani vyote vinne. Na mteja mmoja aliyekuja kulalamikia pindo, siku hiyo alijibiwa.

Mtuombee dua, nasi tunawaombea. Na mwenye suali kuhusu njia, aje dukani, chai ipo.