Kutendana ni kwa Wawili

Kemia ina neno ambalo sisi wa chama cha Kiswahili tunalikwepa: ile hali ya kitu kuwa chepesi kubadilika kinapokutana na kingine. Wengine husema "mwitikio". Vitabu vya sayansi vina "mmenyuko". Je, yote ni mamoja?

Jiji hili la Stockholm lina mfano wake. Mwaka 1817 Johan August Arfwedson, akifanya kazi katika maabara ya Berzelius, aligundua lithiamu ndani ya jiwe lililotoka kisiwa cha Utö, hapo visiwani kwetu. Kipande cha metali hiyo kikitiwa majini hutoa mapovu ya haidrojeni. Dhahabu ikitiwa hukaa kimya. Maji ni yaleyale, tabia ndiyo tofauti.

Mwaka jana shangazi yangu wa Tanga alinitumia picha ya majibu ya kipimo cha haraka cha virusi vya ukimwi. Yaliandikwa "non-reactive". Akauliza, "Mwanangu, ina maana mwili wangu hauna tena nguvu ya kuitikia?" Alikuwa hajalala siku mbili.

Nilimweleza hivi: "Shangazi, hapo anayezungumziwa si wewe. Ndani ya kile kipimo mna kitu kinachotafuta kingamwili za virusi kwenye damu. Zingekutana, mstari ungejitokeza. Hawakukutana." Akashusha pumzi, akasema, "Alhamdulillahi." Na hata mstari ungejitokeza, lisingekuwa jibu la mwisho, hufuata kipimo kingine cha kuthibitisha.

Ndipo nikaona kwa nini "mwitikio" halitoshi hapa. Anayeitikia ni mmoja: ukibisha hodi, mwenye nyumba huitikia. "Mmenyuko" linafaa kwa tukio lenyewe, lakini nje ya darasa wachache wanalijua. Kumbe hospitali za Tanzania zina "vitendanishi", na hata redio hutangaza vikipungua. Ndani yake mna kutenda, kutendana, kutendanisha. Kile kiambishi "-na" kinabeba wawili.

Basi napendekeza "utendanaji". Walimu wetu watasema kama linasimama kisarufi. Ninachoomba ni kwamba, tunapochagua istilahi, tumfikirie pia atakayeisoma usiku, peke yake, mkononi ana karatasi ya maabara.