Hita Iliyojifunza Kushuku

Hita ya kwanza niliyoishi nayo Minneapolis ilikuwa na ugonjwa mmoja tu. Lilikuwa dude la bati la miaka ya 1970, limesimama katika chumba cha chini ya ardhi, na ndani yake mliwaka kimwali cha buluu usiku na mchana, kiangazi na kipupwe. Themostati ikiita, kimwali hicho ndicho kinachowasha moto mkubwa. Kikizimika, nyumba nzima inapoa, na Januari ya Minnesota, nje ikifika nyuzi 25 chini ya sifuri, mabomba ya maji hayachelewi kuganda na kupasuka.

Mwenye nyumba, mzee wa Kisii aliyekuja kusoma akaishia kuwa fundi, alinionyesha kijiti cha shaba kilichochomekwa kando ya kimwali. Ndiyo themokapo. Ikipata moto huzalisha umeme mdogo mno, kama milivolti 30, nao unatosha kuishikilia vali ya gesi isijifunge. Moto ukifa, umeme unakatika, vali inafunga. “Ukibonyeza kitufe unawaka, ukiachia unazimika? Basi kijana, usifungue kitu kingine. Badilisha themokapo.” Iliuzwa dola chache duka la vifaa, na spana moja ilitosha.

Vimwali vya namna hiyo vilikuwa vikila gesi bure. Tangu 1992 sheria ya Marekani ilitaka hita mpya za majumbani zigeuze angalau asilimia 78 ya gesi kuwa joto, na vimwali vikazidi kutoweka. Nyumba niliyonunua baadaye ilikuwa na hita ya kizazi hicho: kiwashio kinachopata wekundu kwa umeme, na kijiti kingine, sensa, kinacholambwa na moto. Moto hupitisha umeme. Hita hupima mkondo huo, wa maikroampia chache tu, ndipo iamini kwamba gesi inaungua kweli.

Hapo ndipo kushuku kulipoanza. Sensa ikipata utando mweupe, mkondo hupungua. Moto unauona kwa macho yako, hita inakataa kwamba upo! Inawaka sekunde chache, inazima, inajaribu tena, halafu inasusa kwa muda. Dawa yake ni kukata umeme na gesi, kufungua skrubu moja, kuchomoa kijiti na kukisugua taratibu kwa stilwaya ya masufuria.

Lakini kuna ugonjwa mwingine unaofanana nao, na watu wengi huchanganya. Hita ikiwaka dakika kadhaa kisha moto ukakatika huku feni ikiendelea kupuliza, sensa haina hatia. Filta imeziba vumbi, hewa haipiti, chuma kimechemka kupita kiasi na swichi ya joto imekata gesi. Kwa hiyo nilizoea kukaa juu ya ndoo na kutazama saa: sekunde ni sensa, dakika ni filta. Nimesikia wapo wanaoiruka swichi hiyo kwa waya ili walale na joto. Huo ni wazimu. Chuma kikizidi kuchemka hivyo kinaweza kupasuka na kuvujisha kaboni monoksidi, nayo haina harufu; hata harufu ya gesi yenyewe ni ya kutiwa: Texas ililazimisha baada ya shule ya New London kulipuka Machi 1937 na kuua watu karibu 300, wengi wao watoto.

Hita ya sasa inapita asilimia 90. Moshi wake umepoa kiasi cha kutolewa kwa bomba la plastiki ubavuni mwa nyumba, na mvuke unageuka maji yanayotiririka kwa mpira. Theluji ikiziba bomba hilo, swichi ya mgandamizo inagoma na hita haijaribu hata kuwaka. Taa ndogo inapepesa, binti yangu anahesabu mipepeso, anasoma karatasi iliyobandikwa ndani ya mlango, nami natoka na koleo.

Bili ya gesi imeshuka, sikatai. Ila bodi yake ya umeme ikifa, dola chache hazitoshi tena, na fundi wa kwanza kuja huanza kwa kukuuzia hita mpya. Ndiyo maana kila Oktoba nashuka mwenyewe: filta mpya, sensa nasugua, mpira wa maji nauzibua. Betri za king'ora cha kaboni monoksidi nabadilisha siku hiyo hiyo.