Usiongeze Maji, Ongeza Kahawa

 

Leo neno letu linaanzia jikoni. Sisi Wakenya tunalima kahawa inayosifiwa duniani kote, kuanzia Nyeri na Kirinyaga hadi Kisii, lakini nyumbani kwetu ni chai. Siku mgeni akiomba kahawa tunaanza kukisia. Kijiko kimoja cha unga, maji sufuria nzima, tunaacha ichemke tukienda kuanua nguo. Mgeni akikunja uso, tunamsogezea bakuli la sukari.

Kipimo chenyewe si kigumu. Kwa lita 1 ya maji weka gramu 60 hivi za kahawa iliyosagwa. Kikombe kimoja cha mililita 250 kinataka gramu 15, na kama huna mizani, hiyo ni kama vijiko 3 vya mezani visivyojazwa kilele. Maji yakishachemka, epua, mimina juu ya unga, koroga, funika kwa dakika 4, kisha chuja. Hapa Nairobi tuko juu, maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, kwa hivyo unaweza kumimina mara moja. Ndugu zetu wa Mombasa, ninyi yaacheni yapoe kidogo kwanza.

Sasa nisikilize vizuri. Mtu akionja kahawa chungu husema, "Imezidi, punguza kahawa." Mara nyingi shida ni kinyume chake. Maji yakikutana na unga, yanatoa kwanza vile vitu vizuri: harufu, utamu, ule uchachu wa matunda. Uchungu mkali hutoka mwishoni. Unga ukiwa wa kutosha, unakipata kikombe kizuri kabla ya kufika huko. Unga ukiwa kidogo na maji ni mengi, yale maji yanaendelea kuukamua unga ule ule mpaka yafikie uchungu. Unapata kahawa nyepesi na chungu kwa wakati mmoja. Kahawa yenyewe haikuwa mbaya. Ilidaiwa zaidi ya ilichokuwa nacho.

Mpendwa, hapo ndipo ninapoliona kanisa.

Kuna dada mmoja aliyekuwa akifundisha watoto ibada ya kwanza na ya pili, kila Jumapili. Jumamosi yumo katika kuosha kanisa. Kukiwa na matanga, yeye ndiye anayepika. Na nyumbani anamuuguza mama yake. Siku moja wazazi kadhaa wakaja ofisini. "Pasta, huyu dada amekuwa mkali. Anawafokea watoto. Ametoka rohoni, anahitaji maombi ya kufunguliwa." Walitaka aondolewe.

Nilimwita tukaketi. Nikamuuliza, "Dada, ni lini mara ya mwisho uliketi ibadani ukasikia neno kutoka mwanzo hadi mwisho?" Akahesabu kwa vidole, akanyamaza, kisha akasema, "Tangu Pasaka." Tulikuwa tumefika mwisho wa Agosti.

Huyu hakuwa na pepo la kutolewa. Alihitaji watu wanne wa kumsaidia.

Niliwarudia wale wazazi nikawauliza ni nani kati yao atachukua darasa moja kwa mwezi. Kimya. Tena kimya kirefu. Halafu baba mmoja akainua mkono, na wengine wakamfuata. Leo yule dada anaketi ibadani Jumapili mbili kila mwezi, na daftari lake mkononi. Bado ni mkali kidogo, ndivyo Mungu alivyomuumba! Lakini ule uchungu umeondoka.

Soma Kutoka 18. Musa aliketi kuwaamua watu tangu asubuhi mpaka jioni, peke yake. Yethro mkwewe alipoona hakumwambia aongeze kufunga. Alimwonya kwamba atachoka, yeye na watu pia, kisha akampa kipimo: viongozi wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Mzigo ule ule, mabega mengi.

Sisemi kwamba kufokea watoto ni sawa. Toba ina nafasi yake, na yule dada aliwaomba watoto msamaha. Ninasema kwamba ukimwombea mtu toba huku ukimwachia mzigo ule ule, utarudi kumwombea tena mwezi ujao. Na kumwambia, "Jipe moyo mtumishi, thawabu yako iko mbinguni," kisha ukaenda zako, hiyo ni sukari tu. Ni neno la kweli, lakini limetumika kufunika ladha.

Basi jipime leo. Kama wewe ndiye uliyekuwa mchungu siku hizi, unawajibu watoto vibaya, simu ikilia moyo unashtuka, usikimbilie kusema umeharibika. Andika kwenye karatasi vitu vyote unavyotolewa kwa wiki. Kando yake andika unachoingiziwa: neno, usingizi, maombi, chakula kilicholiwa umeketi. Ukiona karatasi imeelemea upande mmoja, mwambie mtu. Kuomba msaada si kukosa imani. Musa aliusikiliza ushauri, na kambi ikasonga mbele.

Na kama wewe ndiye unayekunywa, nakuuliza kwa upendo: ni nani unayemlalamikia kwamba amebadilika? Mama watoto? Mzee wa nyumba? Kiongozi wa kwaya? Kabla hujapeleka jina lake kwenye maombi, peleka mikono yako. Wiki hii chukua kitu kimoja kutoka kichwani kwake, kimoja tu.

Baba, tufundishe kipimo. Waliokamuliwa wajaze upya. Sisi tuliozoea kupokea, tupe bega la kubeba. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama kuna mtu jina lake limekujia ukisoma, usimtumie ujumbe huu. Mpigie simu umuulize atahitaji nini Jumamosi.