Chombo Kisicho na Jina

Shangazi yetu alipofariki tuliachiwa chombo cha maua cha kioo, rangi yake kama asali, nacho kimepambwa maua yaliyotokeza nje. Kitakoni hakina chapa wala jina la mtengenezaji. Nasi, kwa ulimi mwepesi, tukawaambia wanafunzi wetu ya kuwa kina miaka 300, na kwamba kilipulizwa na fundi wa Bohemia, nchi ya mabingwa wa kioo huko Ulaya.

Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, umejuaje?" Swali hilo likatunyima usingizi.

Jioni ile tukakichungua karibu na taa. Kioo kinapopulizwa kwa bomba, fundi humalizia mdomo wake hali kitako kimeshikwa kwa ufito wa chuma. Ufito ukibanduliwa huacha kovu, ingawa mara nyingine kovu husagwa likapotea. Chetu hakina kovu. Tena tukaona mistari mitatu myembamba toka juu hata chini, palipokutana vipande vya kalibu. Lakini mistari peke yake haitoshi, maana kupuliza kioo ndani ya kalibu ni ufundi wa tangu zama za Warumi. Basi tukaingiza kidole: nje maua yametokeza, ndani ni laini kabisa. Kama kingalipulizwa, ndani kungalifuata mabonde na vilima vya nje. Ndipo tulipojua ya kuwa kilikandamizwa kwa mashine, kazi iliyoanza kuenea Marekani katika miaka ya 1820. Miaka yetu 300 ikaanguka.

Na mtengenezaji je? Viwanda viliigana mitindo, na kalibu za kiwanda kilichofungwa ziliweza kuuzwa kwa kingine. Mikwaruzo ya kitakoni yaelekea huku na huku, kama ya chombo kilichotumika sana mezani. Lakini mikwaruzo haihesabu miaka.

Kesho yake tulisimama darasani tukayafuta maneno yetu. Tuliona haya, lakini hakuna aliyecheka. Yule mtoto akaomba kukigusa. Akapitisha kidole nje, kisha ndani, akatikisa kichwa kwa kukubali, akampa mwenziwe.

Wazee husema kuuliza si ujinga. Sasa tukiulizwa umri wa chombo cha shangazi twajibu: hakikutangulia miaka ya 1820, zaidi ya hapo hakijatuambia.